Maji Ndani ya Ponti ya Mbele

Yaya yangu, yaani kaka yangu mkubwa, alipotea katika majira ya mvua, na kwa zaidi ya mwaka nyumba yetu haikujua imlilie au imlaani.

Alikuwa shofere wa ofisi moja ya wapima ardhi hapa Élisabethville. Gari lake lilikuwa jipi ya Wamarekani, moja ya zile zilizobaki baada ya vita, ambazo magurudumu yote manne yanavuta. Mkononi alikuwa na kovu refu la mvuke wa radiyateri, na alipenda kulionyesha kama askari anavyoonyesha jeraha lake. Asubuhi moja aliondoka na mpimaji kijana, mzungu aliyekuwa bado mgeni katika nchi, wakashika barabara ya Lufira. Mpimaji alirudi peke yake, akiendesha mwenyewe. Ofisini alisema shofere aliamka kabla ya watu wote, akachukua mfuko wake, akatoroka kambini. Hakuna aliyeuliza zaidi. Haukupita muda, mpimaji naye akamaliza kazi yake, akapanda treni, akarudi kwao Ulaya.

Shofere aliyetoroka hana haki ya nyumba ya kampuni. Mke wake, mulamu wangu, alitufikia sité, mtaa wa Waafrika, pamoja na watoto wake, magodoro yakiwa yamefungwa juu ya baisikeli ya jirani. Sisi ni watu wa kaskazini. Baba yetu alishuka huku pamoja na reli, akitandika mataruma, mpaka mapafu yalipomwisha akazikwa hapa. Katika nyumba ile ya vyumba viwili tulikuwa mimi na mama tu, sasa tukawa wengi, na pamoja nasi alikaa yule asiyekuwapo.

Sijui niseme vipi tulivyoishi naye. Watu waliporudi kutoka Ndola walisema wamemwona huko, amevaa kofia mpya, anatembea na mwanamke mwingine. Mwingine akasema hapana, yuko Broken Hill, anachimba. Mama alikataa kuketi matanga, kwa sababu huwezi kumlilia mtu anayecheka mahali fulani. Padri alikataa kusoma misa ya marehemu, kwa sababu hiyo hiyo. Mulamu hakuvaa nguo za msiba, wala hakuvaa nguo za sikukuu. Hata maneno yalitushinda. Mmoja wetu akisema "alipenda mboga hii", mwingine alimtazama vibaya. Akisema "anapenda", wote tuliacha kula. Motokari ikipita barabarani, mulamu alisimama na kijiko mkononi, akasikiliza hadi sauti iishie kwenye kona, kisha akaketi tena bila kutazama mtu.

Mimi nilikuwa mekanisye katika garaji ya Mwitaliano mmoja, karibu na stesheni. Patron wetu alikuwa mtu mzima, mzito wa mwili, aliyekosa kidole kimoja, na aliongea Kiswahili cha kazini kama sisi. Siku hiyo nilikuwa chini ya kamyo, lori la mizigo, niliposikia jipi ikiingia uani. Sikuhitaji kuinuka kuitambua. Lakini juu ya sauti niliyoijua palikuwa na nyingine nisiyoijua: ilipokata kona ya kuingia, chuma kiligonga mbele, kwa upole tu, ka, ka, ka, ka, kikanyamaza.

Shofere aliyeileta alishuka haraka, akasimama mbali nayo. Hakujua mimi ni nani.

"Ndugu, hii motokari iko na muntu," aliniambia.

"Wapi?"

"Mu chini. Mbele, upande wa kushoto. Nikienda sawasawa, ananyamaza. Nikikata kona, anapiga hodi. Bashofere bengine bameikataa. Mi pia sirudi mule, ata banifukuze kazi. Ni ule shofere mwenye alipotea. Anaomba kushuka."

Wenzangu waliojua waliinamia kazi zao. Nilisogea hadi mlangoni mwa jipi. Kiti cha shofere kilikuwa kimepasuka zamani, na yaya alikuwa amekishona kwa uzi wa nyavu, mishono mikubwa kama ya mtoto. Nilitia kidole katika mishono ile. Katikati ya kiti palikuwa pamebonyea, na nilijua ni uzito wa nani uliopabonyeza.

Patron alikuja akasimama nyuma yangu.

"Kama hauwezi, nitaifanya miye," alisema.

"Nitaifanya, patron."

"Basi tutaifanya bawili."

Kelele za mbele katika gari la namna hii zinafanana, na mtu mwenye haraka hubadilisha vyuma vizima akaacha vilivyokufa. Kwa hiyo kwanza tuliisikiliza. Patron alishika usukani, mimi nikakaa pembeni nikiinama nje, sikio karibu na gurudumu. Tulikwenda hadi Makomeno, kwenye barabara zile pana za wazungu ambazo hazina watu mchana. Alikanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga tena. Kama kadani, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu mbele, ungekuwa umelegea, ungepiga mara moja kila mguu unapobadilika. Haukupiga. Alikwenda kasi, akapunguza. Chini kabisa nilisikia mngurumo mkavu uliopanda na kushuka pamoja na mwendo, kama mtu anayesaga mahindi nyumba ya tatu. Hizo ni gololi za gurudumu. Kisha akavuta mkono wa gia unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele, tukaingia njia ya udongo, akakata kona upande wa kushoto.

Ka, ka, ka, ka.

Nilijua ni nini. Ndani ya kila gurudumu la mbele kuna kiungo mfano wa bega, kinachoruhusu gurudumu ligeuke huku likiendelea kuvutwa, na kikiliwa hugonga hivyo hivyo kwenye kona. Nilijua, na bado nywele za mikono zilinisimama. Ukishajua jina la sauti, bado hujajua imetoka wapi.

"Unasikia?" patron aliuliza.

"Ninasikia."

"Tena?"

"Tena, patron." Naye akarudia kona ile mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Tulipandisha mbele kwa kriki. Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati, na tulilazimika kusemezana kwa nguvu. Nilianza na ponti ya mbele, lile boksi la meno lililo kati ya magurudumu. Nilifungua skrubu ya chini nimwage mafuta, nikitegemea yatoke meusi. Yalitoka meupe. Yalishuka taratibu katika beseni, mazito, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na nyuma yake yakafuata maji matupu.

Patron alikwenda nyuma ya jipi, akafungua ponti ya nyuma mwenyewe. Mafuta ya nyuma yalitoka safi kama asali.

Nikafungua gurudumu la kushoto. Grisi ilikuwa imegeuka uji wa kijivu, na ndani ya uji ule mlikuwa na mchanga mwembamba, mweupe, wenye chembe zinazong'aa, mchanga wa mtoni. Nilipokivuta kile kiungo na kukiosha kwa petroli, nilikikuta kimeliwa na kutu.

"Inasema nini?" patron aliuliza.

"Mayi ya kuvuka mutoni," nilijibu. "Kila jipi inavuka mito."

"Angalia tena."

Alileta taa, akaisogeza polepole. "Motokari yenye kuvuka, mayi inaingia, gurudumu inazunguka, kutu inashika fasi yote sawasawa. Hii iko na mustari. Unaona? Huku chini imekulwa. Huku juu inangaa kama mupya."

Niliuona mstari ule. Ulikata chuma katikati, umenyooka kama uliochorwa na mtu. Tulipofungua gurudumu la kulia, palikuwa na mwingine, wa chini zaidi.

"Ilisimama," nilisema.

"Ilisimama mu mayi. Siku mingi. Mbele chini, nyuma juu ku kavu, na kushoto ndani zaidi."

"Lakini mupimaji alisema alifika kambi salama, asubuhi akakuta shofere hayuko. Hakusema kitu ya mayi."

"Najua alisema nini."

Mvua ilipiga mabati. Mzee yule alijipangusa mikono kwa kitambaa muda mrefu, kidole kwa kidole, hadi mahali pa kile kilichokosekana. Katika garaji ya ofisi ya wapima ardhi walikuwa wamesafisha injini na kubadilisha mafuta yake. Ponti ya mbele hakuna aliyeikumbuka. Watu wengi huisahau.

"Funga kazi," alisema mwishoni. "Jumamosi, panda kamyo, uende uone. Hapa usiseme na muntu."

Tuliweka kiungo kipya na gololi mpya, tukaosha ponti kwa mafuta ya taa, na jipi ikaondoka kimya kabisa. Mashofere walizidi kuiogopa. Walisema sasa amejificha. Baadaye nilisikia iliuzwa kwa mkulima upande wa Kipushi.

Nyumbani sikusema nilichokiona. Niliwaambia wanawake kwamba patron ananituma, nikapanda kamyo ya mfanyabiashara mmoja aliyepeleka chumvi na vitambaa upande wa Lufira. Njiani nilimuuliza shofere wake ni wapi panapotesa motokari wakati wa mvua. Alinitajia mto mdogo unaoingia Lufira, wenye kivuko cha mawe yaliyotandikwa chini ya maji. "Wakati ya mvua ni mubaya sana," alisema. "Wakati hii, mutoto anavuka."

Alinishusha hapo. Kweli, mvua za mwaka huo zilikuwa bado changa, na maji yalinifika magotini tu. Yalikuwa safi, niliona kila jiwe. Upande wa kushoto wa kivuko mawe yaliishia ghafla, na baada yake palikuwa na shimo ambalo sikuona mwisho wake. Niliinama nikachota mchanga. Ulikuwa mweupe, wenye chembe zinazong'aa.

Nilikuwa bado nimeinama pale niliposikia kitu kikianguka. Ng'ambo, mwanamke aliyekuja kutoa mihogo aliyoiloweka alikuwa ameangusha beseni lake. Mihogo ilikuwa ikienda na maji, naye haifuati. Alikuwa akinitazama usoni, na mdomo wake ulikuwa wazi.

"Tulikuzika," alisema. "Weye, tulikuzika muzuri. Unatafuta nini tena?"

Watu wamezoea kusema mimi na yaya tulifanana kama vikombe vya sanduku moja, lakini sijawahi kuuona uso wangu ukimfanya mtu atetemeke vile. Nilitamani kukimbia mimi, nisimtishe yeye.

"Mama," nilimwambia, "si miye. Ni mudogo yake."

Alipiga yowe. Wanaume walitoka kijijini wakikimbia, na mmoja wao, mume wake, alinishika mkono, akaubinya kama anayenunua kuku, ahakikishe una nyama. Kisha akapandisha mkono wa shati langu hadi kiwiko.

"Ule alikuwa na kovu hapa," alisema. "Ndefu. Ya moto."

"Ya radiyateri," nilisema, nikaanza kulia.

Waliniketisha, wakanipa maji, na yule mume akanieleza. Siku ile mto ulikuwa umejaa, maji mekundu, yanabeba miti. Shofere alisimamisha jipi, akasema wangoje hadi yashuke. Mzungu akasema ana kazi ng'ambo, wavuke. Shofere akashuka, akatembea ukingoni, akarudi, akasema tena wangoje. Mzungu akapaza sauti. Kijiji kizima kilisikia. Basi wakaingia. Katikati gurudumu la kushoto likakosa jiwe, pua ya jipi ikazama, na nyuma ikabaki juu ya mawe. Mzungu alipanda nyuma, akaruka, watu wakamvuta. Shofere naye alifika ukingoni mzima.

"Alifika?" nilimkatiza. "Alitoka?"

"Alitoka. Alisimama hapa, karibu na miye, anatoa mayi mu kinywa. Muzungu akasema vifaa vyake viko mule, mu sanduku mbele. Akasema, enda utoe. Ule ndugu yako alimuangalia. Alivua viatu, akarudi mu mayi."

Akamtazama mkewe.

"Tulimufunga kamba mu kiuno," mkewe akasema. "Kamba ya mugomba. Ilikatika."

Walimpata baada ya siku chache, chini kwenye matete. Jipi ilibaki pua ndani ya maji hadi mto uliposhuka, ndipo walipoivuta kwa nguvu za watu, na mzungu akafanya kazi ya kukausha injini kwa vitambaa mpaka ikawaka.

"Mbona hamukuleta habari kule mujini?" niliuliza. Nilitaka iwe kwa ukali, ikatoka kwa unyonge.

"Kwa nani?" yule mwanaume alisema. "Muzungu alisema shofere wake amekufa mu mikono yetu, ku kamba yetu. Alisema tukifungua kinywa, askari batakuya kutufunga. Alilia, ule muzungu. Tusimuseme vibaya, alilia sana. Kisha akanawa uso."

Walinipeleka kaburini. Walikuwa wamemlaza kando ya kichuguu kikubwa, mahali pakavu, na walikuwa wamepafagia. Juu yake waliweka viatu vyake. Mvua na jua vilikuwa vimevikunja, vikawa vidogo, kama vya mtoto. Nilikaa pale hadi kamyo iliporudi kunichukua, na sikumbuki nilifikiri nini.

Nilipofika sité ilikuwa mchana. Mulamu alikuwa uani akipepeta unga, mama ameketi kwenye kizingiti. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yote yalipotea.

"Nimemuona," nilisema.

Mama alinyanyuka. Mulamu aliweka ungo chini, taratibu, unga usimwagike.

"Eko na nani?" aliuliza.

"Eko peke yake, mulamu. Eko mu udongo. Tangu ile siku."

Nikawaeleza yote, jipi, mafuta meupe, mstari, mto, kamba. Mama alifunika uso kwa kitambaa tangu neno la kwanza. Mulamu alinisikiliza hadi mwisho bila kupepesa.

"Kwa hiyo hakukimbia," alisema.

"Hakukimbia."

"Hapana bibi mwingine."

"Hapana."

Akacheka. Ulikuwa mcheko mfupi, wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na majirani waliokuwa wakichungulia walishtuka. Kisha kilio kikamtoka, kilio kilichokuwa kimekaa ndani zaidi ya mwaka. Tuliketi matanga siku hiyo hiyo. Wale waliomwona Ndola na kofia mpya nao walikuja, wakaketi mbali, karibu na lango, na mulamu aliwapelekea chakula kama wengine.

Patron alinisindikiza ofisini kwa wapima ardhi. Walitupokea vizuri, wakatupa viti. Walisema mpimaji yuko Ulaya, kwamba kutu si shahidi, na watu wa mtoni wakiulizwa watasema hawajui. Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Tulipotoka, patron alitema mate kando ya ngazi, na hatukulizungumza tena hadi alipokufa. Padri alisoma misa. Kwangu mimi hicho ndicho kilichopatikana, pamoja na jambo moja zaidi: tangu hapo, kila nilipofungua ponti ya mbele ya gari lolote na mafuta yakatoka meupe, mikono yangu ilisimama yenyewe, na nilingoja hadi maji yote yaishe kabla ya kumuuliza mwenye gari alipita wapi. Wengine walinijibu. Wengine waliangalia pembeni.

Kiangazi kilipofika tulikwenda wote, mama, mulamu na watoto, juu ya magunia katika kamyo ile ile ya chumvi. Yule mwanamke wa mihogo alitupokea kivukoni, akamshika mulamu mkono kumvusha, ingawa maji yalikuwa ya vifundoni. Hawakuwa na lugha moja vizuri, lakini walitembea mbele yetu wakishikana, na mulamu alikuwa amembebea kitenge.

Kaburini niliogopa mama angeanguka. Hakuanguka. Aliketi chini kando ya kichuguu, akanyoosha miguu, akavua kitambaa cha kichwa, akaanza kuzungumza kwa Kiluba, kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyemkuta mwanawe ameketi. Alimpa habari zote. Nani amezaa, nani amehamia Jadotville, binti yake mkubwa amepokea komunyo ya kwanza na gauni lilishonwa na nani. Alimwambia nani walimsema vibaya, akawataja mmoja mmoja, akasema ameshawasamehe wote ila wawili. Watoto walichoka kusimama, wakaketi karibu yake.

Shofere wa kamyo alipiga honi barabarani. Nilimgusa mama bega.

"Mama, wanatungoja."

"Bangoje," alisema. "Sijamwambia bado habari ya nyumba, ule ukuta ulianguka."